Raba za mtumba kwa mbio ndefu: mrejesho wa jozi tatu na kilomita 791

Naleta mrejesho. Tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathon kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, mtaani kwetu kila mtu amekuwa mkimbiaji, na kwa vile mimi ndo yule dada wa steshenari anayeonekana anakimbia na giza, wote wanakuja dukani kuniuliza swali moja: raba gani? Wakiambiwa bei ya mpya orijino wanacheka wanaondoka. Kwa hiyo naandika mara moja hapa niwe nawatumia, maana nimechoka kurudia.

Jibu fupi: ndiyo, mtumba unakimbia. Mi nimekimbia nao hadi Moshi, kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, nikarudi na miguu yangu yote miwili. Ila sio kila mtumba, na kitu tunachoangalia wengi wetu sokoni sio kile cha kuangalia.

Mjue kwanza mi sio mwanariadha. Nina miaka 36, watoto wawili, naishi Sinza, nilikuwa kilo 78 naanza na hata kupanda ngazi za ghorofa ya pili ilikuwa shughuli. Nimetumia jozi tatu, mbili mtumba na moja kopi mpya ya dukani, na kila kilomita nimeiandika kwenye daftari lilelile la madeni, ukurasa wa nyuma. Kwa hiyo namba nitakazotoa hapa sio za kukisia, ukitaka njoo uone, utamkuta na jirani yako humo anadaiwa rimu mbili.

Jozi ya kwanza. Agosti 2024, nimenunua kwenye mnada mmoja wa jioni, elfu 25. Nyeupe peee, kamba mpya, hata ukiinusa inanukia sabuni. Nikaivaa nikatembea hatua tatu kwenye boksi walilotandika chini, nikaona poa, nikalipa. Sikuigeuza. Sikuibonyeza. Nilichoangalia ni rangi kama inaendana na traki yangu, nasema ukweli wangu. Wiki tano nikawa nakimbia nayo Sinza kwenda Mwenge na kurudi, taratibu, nakimbia natembea, na kila nikirudi nyumbani nyayo zinawaka moto, nikadhani ndo kukimbia kulivyo, si wanasema bila maumivu hakuna kitu.

Afu nikajiandikisha mbio za hisani za kilomita 10, sizitaji jina. Tisheti wakanipa XXL kwa sababu "saizi ndogo zimewahiwa", nikaifunga fundo kiunoni kama naenda kuteka maji. Sasa kilomita ya saba hivi nasikia pa! pa! pa! nyuma yangu, nageuka nadhani kuna mtu ananifuata na ndala, kumbe ni mimi. Soli ya kulia imeachia kutoka kisigino mpaka katikati, inapiga lami kila nikinyanyua mguu. Nikasimama pembeni karibu na kijiwe cha boda. Vijana wakaangalia kile kiatu kwa heshima kabisa, kimya, kama wako msibani, mmoja akasema, "Dada, huyu ameshatutoka."

Ila yule yule aliyesema hivyo ndo akachana kipande cha mpira wa tairi ambao wanafungia mizigo, akaizungushia raba yangu mara tatu, akakaza, akaniambia nenda, hiyo haitoki mpaka Yesu arudi. Na kweli haikutoka. Kilomita tatu za mwisho nimezikimbia na raba imefungwa kama gunia la mkaa, nachechemea maana ule mpira ulikuwa unanikata juu ya unyayo, na karibu na mwisho kuna mzee mmoja kasimama na fimbo akapaza sauti, "Akhwari huyo! Akhwari huyo!" Wadogo hawakuelewa, wakadhani ndo jina langu, wakaanza kunishangilia Akhwari, Akhwari. Kwa ambao hamjui, ni yule John Stephen Akhwari wetu aliyeumia goti kwenye marathon ya Olimpiki Mexico mwaka 1968 akamaliza wa mwisho na bandeji mguuni wakati uwanja umeshaanza kuwa mtupu. Mi nilitaka kulia, sio kwa uchungu, kwa kucheka. Mezani medali zimeisha, maji yalishaisha toka kituo cha pili, wakaandika namba yangu ya simu wakasema medali nitatumiwa. Bado naisubiri.

Nikaipeleka ile raba kwa fundi wa chini ya mwarobaini hapa mtaani. Akaivuta soli ikatoka yote mkononi kama ganda la ndizi, akanionyesha: gundi ya juu mpya, ya njano, chini yake gundi ya zamani imekauka inapukutika unga. Yaani kuna mtu aliibandika ili iuzike tu. Na ile sponji ya katikati ukiibonyeza ni ngumu kama andazi la juzi. Fundi akasema maneno ambayo ndo msingi wa mrejesho wangu wote huu: "Wewe ulinunua ngozi, kiatu chenyewe kilishakufa zamani." Kilomita 61 tu, basi.

Nikaenda upande wa pili, nikasema mtumba sitaki tena, nataka kipya. Kipya orijino cha kukimbilia niliulizia duka moja nikaambiwa laki tatu na nusu, nikashukuru nikasema nakuja. Nikaishia kwenye kopi, elfu 40, iko kwenye boksi lake na karatasi zake, alama ya kampuni kubwa kabisa ubavuni. Hapa nitasema haraka maana hakuna cha kusimulia. Nje ni kiatu, ndani ni ubao. Soli nzito, haikunji vidoleni, inakunja katikati pale ambapo mguu wa binadamu haukunji. Wiki ya pili nikaanza kusikia maumivu ya muundi, ule mfupa wa mbele wa mguu, kwanza asubuhi tu, baadaye hata nikisimama dukani. Kilomita 90 nikaivua nikampa mdogo wangu ya kutokea, inapendeza na jinzi, hilo siwezi kuinyima. Ukitaka kiatu cha kwenda harusini sendofu, kopi haina shida. Kukimbilia usithubutu.

Jozi ya tatu sasa, hii ndo naifanyia mrejesho hasa.

Katikati ya Novemba nikaenda Karume. Nilikuwa sijaenda pale toka soko liungue Januari 2022, watu walipoteza mitaji yao yote usiku mmoja, na nilivyokuta wamerudi wanapiga kelele vilevile nikafurahi kweli. Nikazunguka kama saa zima, kila mtu "sista njoo, sista kiatu chako hiki hapa", mpaka nikafika kwa kijana mmoja wa kimya, meza yake raba tu, hazijapauka wala hazijapakwa rangi, nyingine bado zina tope la huko Ulaya. Nikamwambia nataka ya kukimbilia. Wenzake wote niliowaambia hivyo walishika ya kwanza iliyo karibu wakasema hii hapa. Yeye akaniuliza, "Lami au vumbi? Na mwisho unaenda kilomita ngapi?"

Hapo nikajua nimefika.

Nikamwambia ukweli, ile hadithi ya kijiwe cha boda na mpira wa tairi, akacheka sana, afu akanifundisha kukagua. Nawapa yote kama alivyonipa, na mengine nimeongeza mwenyewe baadaye.

Kitu cha kwanza, sahau sehemu ya juu. Geuza kiatu ubavu, tafuta ile sponji nene kati ya soli na kitambaa, bonyeza na kidole gumba kwa nguvu pale kisigino. Inatakiwa iingie kidogo afu irudi yenyewe. Ikiwa haiingii kabisa imekauka, ikiingia isirudi imechoka. Angalia pia mikunjo, ile mistari midogo midogo ya kulala kama uso wa bibi, ikiwa mingi upande mmoja kuliko mwingine ujue mwenye kiatu alikuwa anaegemea upande huo, na wewe utaegemezwa hivyohivyo utake usitake. Hiyo sponji ndo injini. Kila hatua unaipondaponda, na kwa kawaida raba ya kukimbilia inahesabiwa kilomita kati ya 500 na 800 sponji ichoke, hata kama juu bado inang'aa. Sasa wewe unanunua gari lililotumika, swali la kwanza si rangi, swali ni injini imetembea kilomita ngapi.

Soli ya chini nayo inasoma vizuri. Ikiwa michoro ya kisigino imefutika lakini mbele bado ipo, huyo alikuwa anatembea, labda anaenda nayo kazini. Kijana wangu akaniambia anapenda raba za watu walioanza mazoezi Januari wakaacha Februari. Anasema huko Ulaya na Marekani wako wengi sana, wananunua raba ya bei, wanakimbia mara nne, inakaa kabatini miaka, afu inaingia kwenye belo. "Sista, uvivu wa wazungu ndo mtaji wangu." Nimecheka mpaka nikashika meza.

Ila hapohapo akanionya kuhusu kukaa kabatini. Kuna raba haijavaliwa hata mara kumi ila soli inamomonyoka kama keki kavu ukiikunja, kwa sababu kuna aina ya plastiki inayoliwa na unyevu wa hewa polepole, kiatu kikae tu, kisivaliwe, chenyewe kinaoza kutokea ndani. Ndo maana lazima ukikunje na ukisokote hapohapo mezani kama unakamua dekio, na muuzaji akikataa usikunje rudisha uondoke, kashajua. Kampuni nyingine zinaandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye kile kilebo kidogo ndani ya ulimi, ukiukuta mwaka wa zamani mno iache hata kama ni nzuri kama bibi harusi.

Halafu iweke mezani pasipo na bonde, chuchumaa, iangalie kwa nyuma usawa wa jicho. Isimame wima. Toa kile kisoli cha ndani uone alama za vidole vya mwenyewe, vikiwa vimechimba mashimo hiyo imetembea nchi. Soma namba kwenye viatu vyote viwili, mara mbili nimekuta kushoto 40 kulia 41, vimefungwa pamoja kamba kwa kamba kama mapacha. Nusa kwenye ungio la soli, ikinuka gundi mpya toka nduki, hayo ni ya kwangu ya elfu 25. Na nenda jioni, usiende asubuhi, mguu unavimba mchana kutwa, na ukikimbia unavimba zaidi, kwa hiyo ikikubana saa kumi jioni jua kilomita ya 15 itakutoa machozi. Mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Nenda na soksi zako unazokimbilia, mi mara ya kwanza nilijaribu na mguu mtupu, mjinga mimi.

Tumekagua jozi kama kumi na moja hivi, nimezikataa kumi. Iliyobaki ni ASICS Gel-Cumulus, bluu iliyofifia na mstari wa pinki ambao siupendi mpaka leo, saizi 40. Sponji inarudi, soli chini michoro yote ipo, kitambaa juu ya kidole gumba kina kitobo kidogo cha kucha. Akasema 45, nikasema 30, tukakubaliana 38. Hicho kitobo fundi wangu akakishona kwa 1,000. Kuna mteja wangu mwalimu aliniambia hilo jina ASICS ni herufi za mwanzo za msemo wa Kilatini, maana yake roho yenye afya ndani ya mwili wenye afya. Mi nikamwambia mwili bado lakini roho ipo.

Asubuhi ya kwanza nimeivaa nimetoka saa kumi na moja, nimefika Mwenge nikasimama kuangalia miguu yangu. Haiwaki. Yaani nilikuwa nimezoea moto wa nyayo kiasi kwamba ulipokosekana nilihisi nimesahau kitu nyumbani.

Mazoezi sasa, maana raba inapimwa na mazoezi. Nilikuwa na wiki 14 mpaka Moshi. Jumanne vilima, na kwa sisi wa Sinza kilima ni Chuo Kikuu, unapita Sam Nujoma unaingia Mlimani unapanda unashuka unapanda unashuka mpaka wanafunzi wanaoenda kusoma alfajiri wanakuzoea wanakuambia "mama leo umechelewa". Alhamisi kilomita sita za kawaida. Jumapili ndefu, nilianza na 8 nikawa naongeza moja moja au mbili, mpaka 18: Sinza, Mwenge, nashuka na Ali Hassan Mwinyi, naingia Daraja la Tanzanite, pale juu upepo wa bahari unakupiga unasahau umaskini, nazunguka Coco Beach narudi. Jumapili pale darajani ni kama Kariakoo, makundi ya jogingi na nyimbo zao, wanaopiga picha, wenye mbwa, wote wapo. Nakimbia na majirani wawili, peke yangu giza lile siendi na sishauri dada yeyote aende.

Joto la Dar Desemba hadi Februari ndo mtihani wa pili wa raba. Saa moja asubuhi umeshalowa mpaka kwenye soksi, na raba ya mtumba ikilowa kila siku inaanza kunuka na gundi inalegea. Nilikosea wiki mbili nikawa naianika juani juu ya bati, fundi akanigombeza, akasema jua la bati linaichemsha gundi. Toka hapo naosha na maji baridi na sabuni kidogo, nasokomeza magazeti ndani, naweka kivulini penye upepo. Malengelenge nimepata mara moja tu, kosa la soksi za pamba, nimenunua zile nyepesi za michezo hapohapo Karume jozi tatu elfu tano, yakaisha.

Haya, Moshi. Basi la asubuhi kutoka Mbezi, siku nzima njiani, raba nimeipakata kwenye kirambo mapajani, sikuiweka kwenye buti maana begi likipotea nitakimbia na nini. Usilale bila kubuku chumba mapema, wikiendi ile mji mzima umejaa na bei zimepanda, mi nililala kwa shangazi yake rafiki yangu huko Majengo, Mungu ambariki, alinipikia ndizi nyama usiku nikala mpaka nikaogopa.

Kili Marathon ipo tangu 2003, inaanzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Alfajiri ile mawingu hayajapanda, mlima uko pale juu mweupe umekaa tu unawaangalia, watu maelfu, Wakenya wembamba wanajinyoosha mbele, sisi wa nyuma tunapiga selfi. Ukitoka Dar usidanganyike, Moshi yenyewe iko zaidi ya mita 800 juu ya bahari na njia ya 21 inazidi kupanda kuelekea Mweka, kule kwenye chuo cha wanyamapori na lango wanakoshukia wapanda mlima. Nusu ya kwanza ni kupanda. Sio mlima wa kutisha, ni ule mlima wa kichochoro, hauuoni ila mapafu yanaujua. Katikati ya migomba na kahawa, watoto barabarani wamenyoosha mikono uwapige tano, akina mama wamekaa nje wanasema "pole mwaya, pole mwaya". Kwenye kupanda raba yangu ilikuwa haina kazi kubwa, nilikuwa naenda mwendo wa kobe, mpaka nikapitwa na babu mwenye ndevu nyeupe anayekimbia anaongea na simu. Anaongea na simu jamani! Kuhusu ng'ombe!

Kazi ni kushuka. Hapa ndo nataka msikilize, maana wote wanakuambia jiandae kupanda, hakuna anayekuambia ukishageuza juu kule una karibu kilomita kumi za kuteremka, na kila hatua uzito wako wote unatua kwenye kisigino afu mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, vidole vinagonga ukuta. Kisigino changu kilivumilia, ile jeli ya nyuma ilifanya kazi yake, magoti hayakulalamika hata mara moja, na hicho ndo kitu nilichokuwa nakiogopa kuliko vyote. Vidole sasa. Kilomita ya 14 kidole kikubwa cha kulia kinaita, ya 16 kinapiga kelele. Kosa sio la raba, ni mimi nilifunga kamba kizembe. Kuna kile kitundu cha juu kabisa, cha pembeni, ambacho wengi hatukitumii, tunadhani ni urembo. Kumbe unapitisha kamba humo kwa upande uleule inakuwa kitanzi, afu unavusha kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi ndo unakaza, kisigino kinashikwa nyuma mguu hautelezi. Alinionyesha mkaka mmoja tumekaa kwenye nyasi baada ya mbio, mi nimeshaua kucha tayari. Ilikuwa nyeusi wiki nzima, ikatoka mwezi wa nne, mpya imeota imekaa upande kidogo.

Saa 2 dakika 31. Medali nimepewa palepale, mkononi, nimelala nayo.

Baada ya Moshi nimeendelea nayo, mwendo wa kawaida, miezi mingine kilomita 40 tu kwa sababu ya shule za watoto kufunguliwa na dukani hapashikiki, na sasa daftari linasema 640. Toka 580 hivi nilianza kuhisi ule moto wa zamani kwa mbali, kama mtu anabisha hodi. Nikabonyeza sponji, inaingia haitoki. Mikunjo imejaa upande wa ndani kwa sababu na mimi kumbe naegemea. Imeisha, lakini imeisha kwa haki.

Sasa hesabu, maana mi ni mfanyabiashara. Ile nyeupe ya mnadani, elfu 25 gawanya kwa 61, nimelipa shilingi 410 kwa kila kilomita, na aibu juu. Kopi ya elfu 40 kwa kilomita 90 ni 444 bila kuhesabu dawa ya kuchua. Ile mpya ya laki tatu na nusu hata ikifika kilomita 700 ni 500 kwa kilomita, sio mbaya kama unayo hiyo hela mkononi kwa mkupuo, mi sikuwa nayo. ASICS ya Karume, 38,000 kwa 640, ni kama shilingi 59. Hata ukijumlisha ile buku ya fundi haifiki 61. Hakuna daladala itakayokubeba kilomita moja kwa bei hiyo, na konda asikutukane.

Nyota naupa mtumba nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu mtumba haurudiwi. Ukipata uliyoipenda huwezi kwenda wiki ijayo ukasema nipe nyingine kama ile, umeoana nayo hiyohiyo moja ikifa umebaki mjane unaanza kuchumbia upya. Na kama miguu yako ni midogo sana au mikubwa sana utahangaika, saizi 40 ya kike yenyewe haionekani kila siku, mara nyingi naangukia za kiume, ni pana nyuma, kisigino kinacheza. Pia kama una historia ya kuumia goti au mgongo usinisikilize mimi, kamuone daktari kwanza, kiatu kilichokunjwa na mguu wa mtu mwingine kinaweza kukumaliza.

Ile bluu sijaitupa, naendea nayo sokoni. Kijana wa Karume nina namba yake, ananirushia voisi siku anayofungua belo. Ya juzi ilikuwa hivi: "Sista Mweka, kuna 40 mbili zimeingia, moja haijakanyaga hata mchanga. Njoo kabla ya saa tatu, na usije na yule rafiki yako anayeangalia rangi."